Boma Dogo la Mangi Makisaro

Zama zile misafara ya pembe ilipozunguka miguuni mwa mlima mkuu, kila mtawala mwenye mikuki mingi alimwinda jirani yake mwenye michache. Makisaro, Mangi wa Kiria, alikuwa na mikuki michache, kilima kimoja cha migomba, na boma dogo la mawe meusi alilolipenda kupita ng'ombe wake wote.

Msingi aliuweka babu yake. Kuta alizipandisha yeye, jiwe juu ya jiwe pasipo udongo, kila jiwe likikazwa kwa kabari ya jiwe jingine. Maji ya kunywa aliyapitisha chini ya ardhi hata yakatokeza uani. Na mlango akaujenga mfupi, hata hakuna aliyeingia ila kwa kutambaa.

"Mangi hatambai," wazee walinung'unika.

"Mangi aliye hai hutambaa," akajibu, akatangulia kujipenyeza, joho lake la ngozi za pimbi likiburura vumbi.

Masika moja, Mlatie, amiri wa nchi ya ng'ambo ya korongo, alivuka na kundi la mashujaa. Baragumu likalia. Watu wa Kiria wakaingiza watoto, mbuzi na vibuyu bomani, wakauziba mlango kwa gogo. Makisaro alisimama ukutani. Kazi ya maisha yake ilikuwa haijajaribiwa na mtu.

Mlatie akaziba mfereji aliouona kilimani, akangoja kiu iwatoe. Haikuwatoa, mfereji ule ulikuwa wa kunyweshea migomba tu. Mvua ikawachapa mashujaa wake, homa ikawaingia. Mwishowe wakalisukuma gogo mpaka likaanguka ndani.

Mlatie alikuwa mtu wa hamaki, lakini si mwoga. Hakumtuma mtu. Akaacha ngao nje, maana haikupita, akatambaa mwenyewe. Kichwa chake kilipotokeza uani, marungu yalikuwa yamekwisha kuinuliwa.

"Mpigeni!" alisema Ndeshi, mke wa Mangi. "Mnangoja asimame?"

Makisaro akanyoosha mkono. "Anayewatangulia watu wake hauawi kama panya. Mshikeni."

Waliokuwa nje, waliposikia sauti ya amiri wao ikiwaamuru watulie, wakaweka mikuki chini. Jioni ile wakuu hao wawili walichanjiana damu wakawa ndugu, wakanywa pombe ya mbege katika kibuyu kimoja. Mlatie akawa anautazama ukuta.

"Umesimamaje bila udongo?" akauliza.

Makisaro hakuwa amewahi kuulizwa. Uso ukamchanua. Akamshika mgeni mkono, akamzungusha boma zima, akimgusisha kabari moja moja.

"Umemwonyesha adui kila kitu," Ndeshi alimnong'oneza baadaye.

"Mke wangu, mwenye kujua ugumu wa ukuta haji kuupiga kichwa."

Baada ya mavuno Mlatie alituma fahali wa kutambikia, akiomba mafundi. Makisaro akaenda nao mwenyewe, akirudi kwake kwa nadra mpaka boma la pili lilipoinuka ng'ambo ya korongo.

Hata leo pande hizo mbili hubishana juu ya mshindi. Wa Kiria husema ni wao, kwani walimkamata amiri. Wa ng'ambo husema ni wao, kwani katika maadui wote, amiri wao peke yake ndiye aliyeingia boma lile. Kisha wanacheka, wanamiminiana mbege, maana siku hizi ni wakwe.