Hita ya Chumba 14

Asubuhi moja ya Julai 2012, foleni ya wakimbizi wanaofuata karatasi zao kwenye jengo la kale la serikali katikati ya Durban ilikuwa imefika barabarani. Jeancy aliipasua, mtungi wa kuzimia moto begani, macho chini: alikuwa anafuata waya. Waya ukapita chini ya mlango wa Chumba 14, ukaishia kwenye hita ya umeme. Mbele ya hita palikuwa na miguu ya Libérate, mkalimani wa Kiswahili, kitenge cha kijani na kofia ya sufu.

"Dada, unachoma nini?"

"Vidole vyangu. Hii nyumba ni friji ya mawe. Na wewe?"

"Mimi mtu wa usalama wa moto. Sakafu iko mbao tupu, hita na birika viko soketi moja, na meko ya ukutani mmejaza mafaili!"

"Eish, papa, umekuja kukagua ama kunitongoza?"

"Nianze na lipi?"

Kufikia Agosti walikuwa wachumba, na kila siku saa kumi jioni Jeancy alipiga simu.

"Chérie, umezima hita?"

"Nimezima, mupenzi."

Hakuwa amezima.

Ikafika siku ya mafunzo ya moto. Sheria ya jengo: afisa wa moto aseme Kiingereza, mkalimani atafsiri, hata kama wote wawili ni watoto wa Bukavu. Na Libérate, alipoanza kazi, alikuwa ameapa kutoacha hata neno moja. Bosi wa ofisi, asiyeelewa Kiswahili, akauliza hatari kubwa ni ipi. Jeancy, asiyejua kudanganya, akajibu. Libérate akatafsiri:

"Hatari kubwa ni hita ya Chumba 14."

Mama mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Lakini si chumba chako, maman?"

"Amesema nini?" bosi akauliza.

Kiapo ni kiapo. Akatafsiri na hilo.

Hita ikachukuliwa, naye akapewa barua ya onyo. Jioni simu ikalia.

"Chérie..."

"Ongea na hita. Si ndiyo uliyoitaja mbele za watu?"

Wiki tatu hakupokea tena. Kisha wafagiaji wakasogeza meza yake. Chini, pale hita ilipokuwa, ubao wa sakafu ulikuwa umeungua, doa jeusi la ukubwa wa sahani. Watu wote wale, na ngazi ya kutokea ni moja! Libérate akakaa sakafuni. Alitaka kumpigia. Aibu ikamzuia.

Mafunzo yaliyofuata, Jeancy alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Alipomaliza habari za milango hakunyamaza. Libérate akatafsiri kwa "mimi", kama kazi inavyotaka:

"Nilipaswa kumnong'oneza yeye kwanza. Nampenda mkalimani huyu. Naomba awe mke wangu."

Yule mama, ambaye karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka, akauliza: "Na mkalimani anasema nini?"

"Amesema nini?" bosi akadakia.

Libérate akamtafsiria. Halafu akavua kitambulisho chake cha kazi, akakiweka mezani, aseme ya kwake mwenyewe.

"Nilikudanganya kila siku, Jeancy. Nisamehe. Nakubali. Lakini soksi za sufu utaninunulia, na miguu hii utaipasha mpaka uzeeni."

"Amesema nini?"

"Amekubali," Jeancy akamjibu bosi kwa Kiingereza, akifuta macho.

"Na soksi!" Libérate akamkemea. "Tafsiri yote!"