Saa ya Kompyuta ya Igombe

Ijumaa saa kumi jioni, Mama Tereza alifungua banda lake la kutotolea samaki huko Igombe, akakuta vifaranga elfu kumi na mbili vya sato vinaelea matumbo juu. Pampu ya dawa, ambayo hufuata midundo ya umeme inayotumwa na kompyuta ndogo ya Linux, ilikuwa imemwaga kipimo mara kumi.

Jumapili asubuhi Inspekta Renatha alikuwa bado anazunguka banda hilo, hasira zimemjaa. Masalu, mhudumu wa matangi, alikuwa mahabusu siku ya pili, na kesho yake angepandishwa kizimbani. Ushahidi ulikuwa mstari mmoja tu wa kumbukumbu za kompyuta: drayva, yaani programu inayotoa midundo, ilibadilishwa Ijumaa saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, Masalu akiwa peke yake zamuni. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye plasta juu ya boksi la kompyuta, kila mtu aisome. Renatha alitamani kuibandua amrushie mtu.

Rose, mke wa Masalu, aliingia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ijumaa asubuhi ulimwona mumeo?"

"Nilimletea uji, nikapitia mashine ya kusaga hapo jirani. Saa tatu na dakika tisa, niliangalia simu, umeme ukakatika! Nilikaa na ndoo yangu ya mahindi mpaka saa nane kamili ulipowaka."

Renatha aliligeuza boksi. Waya mmoja wa umeme, betri hakuna. Basi ule mstari uliandikwa na kompyuta iliyozimika? Siku mbili nzima amekuwa akiamini upuuzi.

Alimwita Elias, fundi aliyeandika drayva hiyo. Mama Tereza naye akaja. Elias aliweka mezani tiketi za kivuko kabla hajaulizwa.

"Asubuhi ile nilikuwa Sengerema, afande."

"Sawa. Hii namba mia tatu kumi na mbili pembeni ya mstari wa kumbukumbu ni nini?"

"Sekunde. Kerneli, ule moyo wa Linux, inahesabu tangu mashine iwake."

"Dakika tano na kidogo. Na saa ya kompyuta, umeme ukikatika?"

"Inaendelea pale ilipoishia."

"Iliishia saa tatu na dakika tisa. Umeme ulirudi saa nane. Kwa hiyo drayva ilibadilishwa saa nane na dakika tano mchana. Masalu alitoka zamu saa saba. Tiketi yako ya kurudi ni ya saa sita. Ulikuwa wapi?"

Elias alizirudisha tiketi mfukoni.

"Nilikuwa hapa, ufunguo ninao. Midundo ilikuwa inayumba. Nilimwambia Mama mara tatu, akasema nisiguse mpaka wageni wa kukagua banda waje Jumatatu. Nikaona nirekebishe kimyakimya. Urefu wa mdundo tunaandika kwa nanosekunde, vipande vya bilioni vya sekunde: milioni mbili. Nikaandika milioni ishirini."

"Sifuri moja!" alisema Mama Tereza.

"Ningesema, Mama. Niliogopa kufukuzwa. Ningesema wageni wakishaondoka."

"Na Masalu?" Renatha alifoka. "Alale sakafuni akingoja wageni wako? Panda gari. Utamwambia wewe mwenyewe."

Kituoni, Masalu alitolewa peku, akamsikiliza Elias mpaka mwisho. Hakuuliza kwa nini.

"Kwani samaki wamekufa?" aliuliza. Siku mbili alikuwa ameulizwa habari za kompyuta tu; hakuna aliyekuwa amemwambia. "Niliwaacha wanakula vizuri."

"Wamekufa, mzee," alijibu Elias. "Wote."

Masalu alikaa kwenye benchi, akalia.