Mjomba Yupi?

Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri wakati sufuria ya chai ilipoanza kutokota. Binti aliiepua, akamimina chai kwenye chupa, kisha akaenda kumwamsha mdogo wake kwa kumfinya kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo njia pekee iliyofaa. Ukimwita, alikuitikia huku amelala. Ukimtikisa, alijikunja kama jongoo.

Shuleni wenzake walimwita binti huyo Treni, kwa sababu kila asubuhi walimwona akija mbio, begi mgongoni, akivuta behewa moja nyuma yake. Behewa lenyewe lilikuwa huyo mdogo wake, mwanafunzi wa darasa la kwanza, mtoto mwenye maswali mengi kuliko majibu yaliyopo duniani. Kwa nini kuku hana meno? Je, kivuli kikikanyagwa kinaumia? Basi naye jina likamganda: Behewa.

Zamani hawakwenda kwa miguu. Baba aliwapeleka kwa baiskeli, mmoja mbele, mwingine nyuma kwenye keria, naye akipiga mluzi njia nzima. Baba alifariki mvua za mwaka uliopita zilipokuwa zikiisha. Baiskeli ilikuwa bado imeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko, na ilimbidi atoke mapema kuwahi wateja. Kila asubuhi, kabla ya kujitwisha furushi lake la nguo, aliuliza swali lilelile.

"Mdogo wako akitoka mchana, bado anakaa na mwalimu wake mpaka utoke?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali. Mungu ambariki mwalimu yule."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini tangu muhula huu uanze, chumba cha darasa la kwanza kilitumiwa mchana na wanafunzi wengine, na mwalimu akawa anawafundisha hao. Behewa alibaki kwenye benchi langoni, karibu na mlinzi mmoja mzee aliyeitwa Kofia, akimngoja dada yake mpaka kengele ya mwisho. Treni hakumwambia mama. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulala usiku na kumaliza chakula chake. Treni aliona akimwongezea jambo hili, atakuwa amemwaga maji yaliyochotwa kwa shida. "Nitaweza mwenyewe," alijiambia. Na kila siku, katikati ya somo la hesabu, alikuwa akiwaza benchi lile, na barabara kubwa ya malori iliyopita mbele yake.

Siku moja Kofia alimwita pembeni.

"We Treni, kesho nina ruhusa, nakwenda kliniki. Atakayeshika zamu yangu simjui vizuri. Usimwache huyu mtoto hapa. Una mtu wa kumchukua?"

"Ninaye, babu," Treni alijibu, ingawa hakuwa naye.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Jioni ile alizunguka hadi kwa mjomba wake, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi wa friji. Alimkuta ameinama, kichwa chote kiko ndani ya friji bovu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu, ila usitarajie kitu baridi, hili ni kabati tu siku hizi."

Treni alimweleza haja yake, akamalizia, "Lakini, mjomba, tafadhali usimwambie mama."

Mjomba alichomoa kichwa. "Kwa nini?"

"Atahangaika."

Mjomba alikuna kidevu kwa bisibisi. Hakupendezwa, lakini macho ya mpwa wake yalimlainisha. "Haya. Mara moja tu. Nitakuja na pikipiki."

Asubuhi ya mtihani Treni alitembea haraka kuliko siku zote, midomo ikichezacheza, akijikumbusha majina ya milima na mito.

"Behewa, sikiliza. Leo ukitoka usikae kwenye benchi. Mjomba atakuja kukuchukua."

"Mjomba yupi?"

"Una wajomba wangapi wewe? Mjomba ni mjomba."

"Mjomba wa gari?"

"Ndiyo, ndiyo. Maswali yaweke mfukoni leo, utanisahaulisha!"

Behewa akaanza kurukaruka kwa furaha, jambo ambalo Treni alilikumbuka baadaye sana.

Mtihani ulipokwisha, Treni alitoka akiwa na kizunguzungu. Alishangaa kumwona mjomba wake amesimama langoni peke yake, kofia ya pikipiki mkononi, jasho likimtiririka.

"Mpwa wangu, mtoto umemweka wapi?"

"Nimweke wapi? Si umempeleka nyumbani?"

"Nilichelewa kidogo. Friji la mwenye bucha lilizima, nyama inaharibika, nikasema nilitengeneze mara moja. Nimefika hapa benchi tupu. Mlinzi hajui lolote. Nikadhani umeingia naye darasani."

Walitafuta chooni, nyuma ya tangi la maji, chini ya madawati ya darasa la kwanza. Waliita hadi sauti zikakauka. Treni alifika ukingoni mwa barabara kubwa, akatazama malori yakipita huku na huku, na akaogopa kutazama chini.

"Tukamtazame nyumbani," Treni alisema. "Halafu tuzunguke mitaani. Tutampata tu. Mama asijue kwanza, mjomba, nakuomba!"

"Hapana," mjomba alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Nilikosea nilipokubali siri yako ya kwanza. Ya pili siibebi. Panda."

Mama alikuwa akishona shati la sare wakati pikipiki iliposimama mbele ya baraza. Aliinua uso, akamwona ndugu yake, akamwona binti yake. Akatazama nyuma yao. Mguu wake uliokuwa ukikanyaga cherehani ukasimama.

"Yuko wapi mwingine?"

"Mama, nisamehe. Mimi... yeye..."

"Usilie kwanza. Sema. Sema yote."

Treni akasema yote, pale barazani, mbele ya mwenye duka la vitambaa na wateja wake wawili. Alisema habari za darasa lililochukuliwa, na benchi, na Kofia, na kwamba kila asubuhi alipoitikia "ndiyo, mama" alikuwa akidanganya. Aibu ilimchoma masikioni. Mama hakumkaripia. Alishika ukingo wa meza ya cherehani kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi unaoyumba.

"Mlipoachana asubuhi, ulimwambia nini? Nataka maneno yenyewe."

"Nilimwambia mjomba atakuja kumchukua. Akauliza mjomba yupi. Nikasema mjomba ni mjomba. Akauliza..." Treni alisita, macho yakamtoka. "Akauliza, mjomba wa gari? Nikamwitikia tu. Sikuwa nasikiliza."

"Mimi gari hata kuliendesha sijui," alisema mjomba.

Hapo mwenye duka, mama mmoja mnene aliyekuwa amening'iniza futi ya kupimia shingoni, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mjomba wa gari! Jamani, si yule dereva wa basi dogo jeupe, anayewabeba wajukuu zangu shuleni? Watoto wote wanamwita Mjomba! Mwaka mzima mimi mwenyewe sijui jina lake halisi!"

Simu ilikuwa tayari sikioni mwake. Ililia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ikapokewa, naye akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Dereva, huna mtoto mgeni garini mwako?"

"Ninaye, mama!" Sauti ya dereva ilijaa mashaka. "Nilipakia, nikashusha, mwisho kabaki huyu. Nikamwuliza, kwenu wapi? Akasema kwetu kuna mti. Nikasema mti gani? Akaniuliza, kwa nini miti haiendi shule. Nikageuza nimrudishe shuleni, gurudumu likapasuka. Ndiyo nakaza nati ya mwisho sasa hivi. Yeye ndiye amenishikia nati zote."

Mama aliketi chini, sakafuni, akafunika uso kwa lile shati la sare.

Basi dogo lilipofika, Behewa aliteremka na mikono myeusi kwa grisi, akiwa amevimba kichwa kama fundi mkuu. Alimtazama dada yake kwa mshangao.

"Dada, si ulisema mjomba atanichukua? Amenichukua. Sasa unalia nini?"

Treni alimkumbatia na grisi yake yote. Dereva alivua kofia mbele ya mama.

"Dada yangu, na mimi nina kosa. Wenzake walipiga kelele 'Mjomba kaja!' naye akapanda nao. Nikaona sare ya shule, nikafunga mlango. Nilihesabu vichwa, sikuuliza majina."

Mama alimpa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo Treni hakuwahi kumwona akilifanya tangu msiba. Aliwageukia wote na kusema, polepole, "Nahitaji msaada. Watoto hawa alikuwa akiwapeleka baba yao. Peke yangu sijui nifanyeje."

"Jamani, si ungesema!" alisema mwenye duka. "Siku zote tunakaa baraza moja!"

"Mimi mtaa wenu napita kila asubuhi, na viti viwili vitupu," dereva alidakia alipoelekezwa nyumba yao ilipo. "Mchana nitamshusha mdogo hapahapa mkononi mwako. Jioni nitamrudisha mkubwa."

"Bure siwezi kukubali."

"Nani kasema bure? Viti vyangu vimechanika, watoto wanachomoa sponji na kurushiana. Wewe si fundi?"

Mama alikwisha kuchungulia ndani ya basi. "Kitambaa kigumu kitahitajika," alisema, "na uzi wa mara mbili." Wakaafikiana. Pia wakaafikiana kwamba Behewa hatapanda gari lolote kabla mama hajamtajia yeye mwenyewe jina la dereva. Mjomba naye akapangiwa: siku ambayo gari litaharibika, pikipiki itafika kabla ya kengele, friji au si friji.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu. Behewa alikuwa mgongoni mwa mama, amesinzia. Walitembea mpaka kelele za soko zikafifia nyuma yao.

"Baba yako aliumwa muda mrefu," mama alisema ghafla. "Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua. Alificha ili nisihangaike. Nilipokuja kuhangaika, muda ulikuwa umekwisha." Alimweka sawa mtoto mgongoni. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sikukasirishwa na kushindwa kwako, mwanangu. Hakuna mtoto awezaye kubeba mwenzake kila siku peke yake. Nilichoogopa ni ile 'ndiyo, mama' yako. Usinidanganye ili nilale. Kukosa usingizi kwa ajili yenu ni kazi yangu, na nikijua mapema nitatafuta wa kunisaidia. Shida iliyosemwa ina watu wengi. Iliyofichwa ina mmoja tu."

Treni aliitikia kwa kichwa. Walipita nyumba moja, wakapita nyingine.

"Mama."

"Naam."

"Viatu vyangu vinanibana. Tangu muhula uliopita."

Mama alisimama katikati ya njia. Alimtazama miguuni, akamtazama usoni, kisha akaangua kicheko, kicheko chenye machozi ndani yake, mpaka Behewa akaamka mgongoni na kuuliza kuna nini.

"Vivue," mama alisema. "Vivue sasa hivi. Tutembee taratibu."