Jino la Muda la Mpiga Tarumbeta

Kila siku Chiriku alipotoka shuleni, alijua kama baba yake yupo nyumbani kabla hata hajauona mlango. Sauti ya tarumbeta ilimpokea kwenye kona ya mtaa na kumsindikiza hadi juu ya ngazi. Baba alikuwa fundi wa ala za muziki. Alinyoosha matarumbeta yaliyobonyea, akaziba nyufa na kutia mafuta kwenye vitufe vilivyokwama, kisha akapiga kila moja kuhakikisha limepona. Jumapili alasiri alipiga la kwake mwenyewe, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo mama alipiga simu.

Mama alikuwa katika mji wa mbali, akisomea ukunga. Mwaka mmoja ulikwisha, na ulibaki mwingine kama huo. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alimmiminia mama habari za wiki nzima bila kituo. Alipomaliza aliweka simu juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na makopo ya mafuta. Baba alipiga wimbo mmoja, polepole, na upande wa pili mama akanyamaza akisikiliza. Wimbo ulipokwisha, mama alisema tu, "Haya, nimefika nyumbani."

Halafu siku moja baba aliteleza juu ya ngazi akibadilisha taa. Aliangukia ukingo wa meza, na jino lake la mbele likavunjika hadi kwenye mzizi. Daktari wa meno aliling'oa lililosalia. Kwa miezi mitatu baba aliishi na pengo, akiongea huku amefunika mdomo kwa mkono. Alipojaribu kupiga tarumbeta, hewa ilimponyoka, ukatoka mluzi kama wa birika linalochemka. Akalifungia katika kasha na kulisukuma chini ya kitanda.

"Mama tumwambie nini?" Chiriku aliuliza.

"Mwambie tarumbeta ni bovu, tunasubiri kipuri," baba alijibu. "Ana mitihani. Tusimpe kazi ya kutuwaza."

Chiriku hakupenda, lakini aliitikia. Tangu siku hiyo nyumba ikapooza. Baba aliendelea kutengeneza matarumbeta ya watu, ila sasa aliyashika mbali na uso, akabonyeza vitufe tu na kuyarudisha kwa wenyewe bila kuyapiga. Chiriku akitoka shuleni alipunguza mwendo kwenye ile kona. Masikio yake yalikuwa bado hayajakubali.

Kidonda kilipopona, daktari alimfanyia baba upasuaji. Alipandikiza skrubu ndogo ya metali ya titani ndani ya taya, mahali palipokuwa na mzizi. Siku ya pili yake baba alirudi kuwekewa jino la muda, na safari hii Chiriku alifuatana naye.

"Shikamoo, daktari," Chiriku alisalimia.

"Marahaba. Wewe ndiye nesi wangu leo? Simama hapo, uone vizuri."

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, mwenye vidole visivyo na haraka. Alichukua jino kwa koleo dogo, akaliketisha juu ya ile skrubu ya ndani, kisha akalibana kwa skrubu nyingine ndogo zaidi, akitumia bisibisi isiyozidi kijiti cha kiberiti. Baba alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Daktari aliweka karatasi nyembamba ya buluu kati ya meno yake.

"Uma, taratibu."

Alipoiondoa, kitone cha buluu kilibaki kwenye jino jipya. Alikisaga kidogo kwa mashine, akarudia. Kitone kikaonekana tena, kidogo zaidi. Akasaga tena, mpaka karatasi haikuacha alama yoyote.

"Umelifanya fupi kuliko wenzake," Chiriku alisema.

"Una jicho zuri. Sitaki liguse jino la chini." Daktari alimgeukia baba. "Mfupa unatakiwa kukua na kuishika ile skrubu ya ndani. Ikitikiswa sasa, hata kwa kiasi usichoweza kukiona, mfupa unaweza kukataa, tuanze upya. Kwa hiyo jino hili ni la kuonekana, si la kutumika. Kula vitu laini. Usilitafunie chochote. Na tarumbeta, miezi minne usiliguse. Mdomo wa tarumbeta utalisukuma jino moja kwa moja."

"Miezi minne," baba alirudia. Halafu alijitazama katika kioo cha mkononi na kutabasamu. Uso ule Chiriku alikuwa ameukosa kwa muda mrefu bila kujua ni kiasi gani.

Jumapili ya pili baada ya hapo, mama alipiga simu akiwa na sauti nzito.

"Una mafua, mama?"

"Hapana, mwanangu. Nimechoka tu. Wiki hii imenipiga. Kipuri bado hakijapatikana? Leo ningesikia tarumbeta, hata kidogo, ningepata nguvu."

Chiriku alimtazama baba, naye baba akatazama chini. Maneno ya daktari Chiriku aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Lakini sauti ile ya mama ilikuwa imemshika mkono. Aliingia chumbani, akavuta kasha kutoka chini ya kitanda, akaliweka mbele ya baba na kulifungua.

"Kidogo tu, baba," alinong'ona.

Baba alilitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi. Kisha akalinyanyua.

Wimbo ulitoka mnyonge mwanzoni, halafu ukajaa chumba. Chiriku alifumba macho. Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa mahali pake: meza, baba, mama upande wa pili akipumua taratibu. Katikati ya wimbo baba alikatisha ghafla na kushika mdomo.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Pumzi imekwisha," baba alisema.

Asubuhi iliyofuata jino lilikuwa likicheza. Baba alipoligusa kwa ulimi lilisogea, naye akabadilika rangi. Walikwenda kwa daktari Chiriku alipotoka shuleni. Njiani baba alisema, "Nitamwambia niliuma mfupa katika supu. Tukisema tarumbeta, atatugombeza bure. Na Jumapili mama yako akiomba tena, nitapiga polepole zaidi, nisilisukume."

Chiriku alitangulia mlangoni kwa daktari.

Daktari aliligusa jino kwa ncha ya kioo chake. "Limelegea. Kumetokea nini?"

"Nadhani ni mfupa wa kwenye supu," baba alisema.

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

"Basi si jambo kubwa. Nitalikaza, tuonane baada ya mwezi." Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

Chiriku alihesabu kimoyomoyo. Mwezi mmoja ulikuwa na Jumapili nne. Mara nne mama angeomba, na mara nne baba angejaribu. Aliona aibu kumkanusha baba yake mbele ya mtu. Lakini aliogopa zaidi kile ambacho bisibisi ile isingeweza kukitengeneza.

"Daktari," alisema, "hakukuwa na mfupa. Baba alipiga tarumbeta. Mimi ndiye niliyemletea. Nilijua hatakiwi, nikamletea."

Baba alivitazama viatu vyake. Daktari alirudisha bisibisi mezani.

"Wimbo mzima?"

"Nusu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Na nilikuwa na nia ya kurudia."

Daktari hakugomba. Alilifungua jino lote, akapiga picha ya eksirei, akaitazama kwa muda mrefu kwenye mwanga. Chiriku aliusoma uso wake, lakini miwani ilificha kila kitu.

"Mna bahati," alisema mwishowe. "Iliyolegea ni skrubu ndogo inayoshika jino. Ile ya ndani ya mfupa bado imetulia. Nusu nyingine za wimbo zingeing'oa." Alilirudisha jino, akalikaza, akapima tena kwa karatasi ya buluu. "Utakuja kila wiki, si kila mwezi." Kisha akamtazama baba. "Mtu akinidanganya, natibu ugonjwa asiokuwa nao, na ule alionao anarudi nao nyumbani. Binti yako leo amekuokolea taya."

Mfupa ulikuja kushika, na miezi minne ilipotimia baba alifungiwa jino la kudumu. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumapili ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa hajui lolote.

Simu ilipolia, baba ndiye aliyeipokea. Alieleza yote: ngazi, pengo, upasuaji, jino la muda, na kipuri ambacho hakikuwahi kuwepo. Chiriku akaongeza sehemu yake, ya kasha chini ya kitanda.

Mama aliwasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilipoomba wimbo," alisema, "nilikuwa naomba taya lako, baba Chiriku, bila kujua."

"Hatukutaka kukutia wasiwasi."

"Najua. Na mimi sikutaka kuwatia ninyi." Akashusha pumzi. "Wiki ile nilishindwa mtihani wa vitendo. Itabidi niurudie. Nitachelewa kurudi miezi mitatu. Nilipanga kuwaambia siku za mwisho kabisa."

Miezi mitatu. Chiriku alihisi machozi yanamtoka na hakuyazuia. Alitamani mama awe pale mezani, amshike tu bega.

"Unalia, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nalia. Afadhali tulie kwa jambo moja kuliko kila mtu kujificha na lake." Sauti yake ilikuwa imelowa, lakini ule uzito wa juma lililopita haukuwemo tena. "Nilidhani nahitaji wimbo ili nihisi nipo nanyi. Kumbe nilichokosa ni kujua mnaishije kweli. Mtu anayekupenda mwambie mambo yalivyo, hata yakiwa mabaya, ili ajue pa kukusaidia."

Baba alivuta kiti karibu na simu. "Basi tuambie huo mtihani ulikuwaje."

"Ni habari ndefu."

"Tupo," baba alisema.

"Haya. Lakini tukubaliane kwanza," mama alisema. "Umbali tunao wa kutosha. Tusijiongezee mwingine kwa kufichana."