Sauti ya Kumi na Tano

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, chumbani walikuwapo watu watano. Wa kwanza alikuwa dereva wa garimoshi mstaafu, mwenye nyumba, aliyetaka aitwe Bwana Dereva hata na mtoto wa mama yake. Wa pili alikuwa dada yake, mjane, aliyeishi chumba cha uani na kumpikia. Wa tatu alikuwa fundi redio. Wa nne alikuwa karani wa tiketi mstaafu aliyejiita Inspekta, ingawa maishani mwake hakuwahi kukagua kitu zaidi ya sahani za wenzake. Wa tano alikuwa mganga, mtu wa mkoba mkubwa na kikohozi cha kujipa heshima, aliyeletwa na dada bila idhini ya mwenye nyumba.

Katikati palikuwa na meza pana, na juu yake reli ndogo, stesheni ya mbao, taa za ishara zenye urefu wa kidole, na kichwa cha treni cheusi kisichozidi kiganja. Kichwa hicho ndicho kilichowakusanya. Kwa wiki tatu kilikuwa kikipiga honi kabla ya kuitwa.

Vichwa vya namna hiyo huitwa kwa namba. Ndani ya kila kimoja mna chombo chenye ukubwa wa ukucha, na spika ndogo. Mwendeshaji huandika namba kwenye rimoti, na kati ya vichwa vyote vilivyo relini, chenye namba hiyo peke yake ndicho husikia na kutii. Vikitoka kiwandani vyote huitwa namba moja ile ile, tatu, na mwenye navyo huchagua nyingine. Bwana Dereva alikipa chake namba ya kichwa halisi alichokiendesha miaka thelathini na moja iliyopita. Kisha akamtuma fundi akarekodi sauti za kichwa hicho hicho, ambacho siku hizi hukaa bohari na kuwashwa moto mara moja kwa mwaka ili wageni wapige picha.

Dada alimwomba aiache namba ile. Alimjibu kwamba mambo ya reli hayapikwi chunguni, arudi jikoni.

Dada alikuwa na sababu. Mumewe alikuwa mtia makaa katika kichwa kile, chini ya shemeji yake. Sheria ya kazi yao ilikuwa hivi: mtia makaa huitazama taa na kuita rangi yake kwa sauti, na dereva hulirudia neno lile lile, ili ijulikane kwamba wote wawili wameona. Siku moja, saa kumi kasoro dakika nane alasiri, walipita taa nyekundu wakaingia ubavuni mwa treni ya abiria. Abiria kumi na mmoja walikufa, na mtia makaa akawa wa kumi na mbili. Dereva alitoka na mchubuko wa goti, akaapa mbele ya tume kwamba shemeji yake alimwitia kijani. Marehemu hakuwapo kubisha. Tangu hapo mwanamke yule alikuwa mke wa muuaji. Wanawe waliuhama mji kwa aibu, na yeye akabaki kumpakulia chakula mtu mmoja tu aliyejua ukweli.

“Ni ufundi wako mbovu,” Bwana Dereva alimwambia fundi Jumamosi ile. “Redio ya mama yako mwenyewe uliirudisha na skrubu mbili zimebaki mezani.”

Inspekta alicheka, kwa kuwa chai ilikuwa bado haijaletwa.

Fundi hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alirekodi sauti kumi na nne, za mvuke, breki, kengele na nyinginezo, na rimoti ilikuwa na vitufe kumi na vinne. “Honi hiyo ni ya kumi na tano, haina kitufe, Bwana Dereva. Mimi sikuiweka.”

Mganga alifukiza ubani wake na kuanza maneno aliyoyasema katika kila nyumba, ya jini wa mtoni anayetaka kitambaa cheupe. Hakufika mbali. Harufu ya ubani ilizimika kama iliyofunikwa, na badala yake ikaja harufu ya makaa ya mawe na ya nguo iliyoungua, katika chumba ambacho hakikuwa na moto wowote isipokuwa chetezo cha mganga. Kisha kutoka ndani ya kile kidude sauti ya mwanamume ikasema, polepole, kama mtu aliye kazini:

“Nyekundu.”

Kimya kikafuata, kimya cha mtu anayesubiri.

“Nyekundu.”

Fundi akakinyakua kichwa kutoka relini, mahali pekee kilipopata umeme, akakilaza chali mezani, lakini magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani, na mvuke ukaendelea kuhema ndani ya spika isiyozidi shilingi, ukihema kwa haraka zaidi na zaidi kama treni inayoteremka mlima bila breki, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na masizi yakaanza kudondoka mezani kutoka dari nyeupe.

Mganga, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alisema jambo la kweli. “Huyu haombi kitu. Anangoja ajibiwe.”

“Mjibu, kaka,” dada alinong’ona. “Neno moja tu.”

Bwana Dereva aliwatazama wote kama abiria wasio na tiketi. Alinyoosha kola yake.

“Kijani,” alisema.

Kila kitu kikanyamaza. Mganga alifunga mkoba haraka, akatangaza kwamba jini ametoka, akatoka na yeye. Inspekta alisema alijua tangu mwanzo. Dada alikiokota kile kichwa, akakipangusa kwa pindo la kanga, akakiweka juu ya kijimeza kando ya kitanda cha kaka yake.

Jumatano Inspekta alikuja kunywa chai, kama kawaida yake. Bwana Dereva alikuwa amejilaza. Dada alikuwa akikunja nguo sebuleni, Inspekta kando yake, waliposikia kupitia ukutani sauti ya mtia makaa ikiita, na mara hii ikajibiwa.

“Nyekundu,” alisema Bwana Dereva. Kisha akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi, mara nyingi, kama asiyeweza kuliacha. “Nyekundu. Nyekundu.”

Dada alimaliza kukunja shuka.

“Umesikia?” alimuuliza Inspekta.

“Nimesikia, mama.”

“Basi andika. Na saa uiandike.”

Inspekta akaandika nyuma ya bahasha, na hiyo ndiyo kazi pekee ya ukaguzi aliyowahi kuifanya.

Bwana Dereva alifariki Jumatano hiyo, saa kumi kasoro dakika nane alasiri.