Maji ya Ndoo na Uzio Uliochelewa

Hadithi hii nimepewa na Agathe mwenyewe, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa Tottenham, London. Alinisimulia leo, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunachambua lengalenga, yaani mchicha, jikoni kwangu. Nikamwuliza kama naweza kuiandika. Akasema, "Andika, lakini kituo usikitaje jina." Basi sikitaji.

Agathe ni mtu wa Uvira, kule Kongo. Huu ni mwaka wake wa tisa London. Mume wake, Adolphe, anasafisha mabasi usiku. Binti yao, Noëlla, ana miaka kumi na miwili. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Kazi ya Agathe ni usafi katika kituo cha umeme wa nyuklia. Kituo kiko mbali, kule mashariki, karibu na bahari. Saa kumi alfajiri gari la kampuni linawachukua wasafishaji sita kando ya duka la samaki. Saa kumi na mbili wanaanza kazi.

Sehemu ya Agathe ni vibanda vinne vya walinzi. Vibanda hivyo si vya kudumu. Vililetwa na lori wakati kituo kilipoanza kujenga uzio mpya, malango mapya na kamera mpya. Walinzi wa nyongeza waliwekwa humo mpaka kazi iishe.

"Ni wiki kumi na mbili tu," Agathe aliambiwa.

Ukafika mwezi wa kumi na nne. Vyuma havijafika. Mafundi hawatoshi. Uzio haujaisha.

Sasa, vibanda vile havina bomba la maji machafu. Mahali pa kumwaga pako ndani ya kituo, ng'ambo ya lango la ukaguzi. Kila ukipita unakaguliwa, na ndoo yako inakaguliwa. Ndoo moja, kwenda na kurudi, ni dakika ishirini. Na Agathe ana ndoo sita kwa siku.

Siku ya kwanza alimwuliza msimamizi wake, Lorraine, "Maji haya nimwage wapi?"

Lorraine akamwonyesha mtaro nyuma ya vibanda. "Mwaga pale. Ni kwa muda mfupi tu."

Mtaro ule unaingia kwenye kinamasi. Kinamasi kinaishia kwenye matope ya bahari, na watu huokota chaza pale. Agathe alikuwa akiona povu limeshika kwenye majani. Aliliona kila siku. Lakini mkubwa amesema, wewe utasema nini?

Mwezi wa pili mwaka huu tangazo lilibandikwa kantini. Agathe akalipiga picha kwa simu, akampelekea mumewe amsomee. Adolphe anajua Kiingereza cha kwenye basi. Kiingereza cha serikali kinampa taabu. Alisoma polepole, kidole juu ya kioo.

"Usalama... kuchelewa... mazingira... Mama Noëlla, kuna uchunguzi."

"Wanachunguza nini?"

"Maji. Udongo. Wameandika hapa. Na kuna tarehe ya mwisho."

Agathe akakaa chini. "Maji? Mimi ndiye ninayemwaga."

Ilikuwa imebaki miezi minne waombe kibali cha kukaa Uingereza moja kwa moja. Na kule walikotoka, mtu wa serikali akija na kalamu anatafuta jina la kuandika. Agathe aliliona jina lake liko tayari kwenye karatasi.

"Kaa kimya," Adolphe alisema. "Mdomo huponza kichwa."

Agathe akanyamaza. Lakini mtaroni hakumwaga tena. Unajua alifanya nini? Cheka ukitaka, hata yeye alicheka akinisimulia. Alichukua chupa mbili za mafuta ya kupikia, zile za lita tano. Akazijaza maji ya deki. Akazitia kwenye mfuko wake wa magurudumu, akazifunika kwa kitambaa, akazileta Tottenham, akamwaga chooni kwake. Ndoo moja ilisafiri mpaka London kila siku. Tano zilizobaki alizibeba mbio kupitia lango la ukaguzi, mpaka mgongo ukauma.

Siku ya nne, saa kumi jioni, Adolphe aliamka, akaingia bafuni. Akakuta chupa mbili za maji ya kijivu.

"Mama Noëlla! Hii ni nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya kazini."

Adolphe akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Umeniletea nyuklia bafuni?"

"Ni maji ya deki, Papa Noëlla. Ya viatu vya walinzi."

"Walinzi wa wapi? Si wa nyuklia hao hao?"

Noëlla akapiga kelele kutoka chumbani, kwa Kiingereza chake, kwamba kuanzia leo ataoga shuleni.

"Kwani shuleni mnaoga?" mama yake akamwuliza.

"Nitaanza!"

Adolphe akashika kichwa. "Niliposema ukae kimya, sikusema uhamishe mtaro uje kwangu. Kesho Jumanne. Nenda kwa yule mama wa maktaba."

Mama wa maktaba ni Indu. Ni Mhindi wa Mwanza, alikuja huku akiwa msichana. Miaka thelathini alipima maji katika maabara ya serikali. Sasa amestaafu. Kila Jumanne anatoka Harrow kwa treni, anakaa kwenye meza ya dirishani na chupa yake ya chai ya tangawizi, anawasaidia watu kujaza fomu.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Agathe. "Chai kwanza, serikali baadaye."

Agathe akamweleza yote, hata habari ya chupa. Indu alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka.

"Sikiliza. Wanaofanya kazi karibu na mtambo wanavaa nguo za huko, na kipimo cha mionzi kifuani. Wewe umewahi kupewa?"

"Hapana."

"Basi hufiki huko. Ulicholeta nyumbani ni sabuni na matope. Mwambie mwanao aoge."

"Aksanti, mama."

"Lakini usibebe tena kitu kutoka pale. Mlinzi akikuta chupa umeifunika kitambaa, utamweleza nini? Sabuni haitakutia matatani. Kuficha kutakutia."

"Na huu uchunguzi, mama? Wananitafuta mimi?"

Indu akaikuza picha ya tangazo, akasoma mpaka mwisho.

"Hapa hamna polisi. Kituo kilitakiwa kumaliza uzio mwaka jana. Hakikumaliza. Sasa kinaomba miezi kumi na mitano zaidi. Kabla ya kukubali, ofisi ya serikali inajiuliza: huku kuchelewa kutafanya nini kwa maji, hewa, udongo, wanyama na watu? Hiyo inaitwa tathmini ya mazingira. Kinachoulizwa ni kituo, si msafishaji. Hii waliyobandika ni rasimu, maana yake bado inarekebishika. Wameibandika ili watu waseme."

"Hata mambo ya kamera?"

"Hayo ni siri, na ni haki yawe siri. Kamera iko wapi, walinzi ni wangapi, usiandike wala usimwambie mtu. Mwizi naye anajua kusoma. Lakini maji hayana siri."

"Wao wamesema nini juu ya maji?"

Indu akamsomea taratibu kwa Kiswahili: "Kuchelewa hakutaleta jambo jipya katika mazingira, kwa sababu muda huo hakuna kitu kipya kitakachojengwa."

Agathe akaweka kikombe chini.

"Mama, hiyo si kweli."

"Kwa nini?"

"Wanafikiri kuchelewa ni kukaa bure. Uzio ukichelewa, vibanda vinabaki. Vibanda vikibaki, walinzi wanabaki. Walinzi wana viatu, na mimi napiga deki. Kuchelewa kuna maji yake."

Indu alimtazama. "Mimi ningeisoma karatasi hii mara kumi nisilione hilo. Ndoo ngapi?"

"Sita kwa siku. Siku sita kwa wiki."

"Ndoo moja lita kumi?"

"Kumi."

Indu akapiga hesabu nyuma ya bahasha. "Miezi kumi na minne, zaidi ya lita elfu ishirini. Wakiongezwa muda, zinakuja nyingine zaidi ya elfu ishirini. Andika hivyo hivyo. Ulichoona, wapi, kiasi gani, tangu lini. Ulichosikia kwa watu, kiache."

"Nikiandika najishitaki mwenyewe."

Hapo Indu hakumdanganya. "Kutoa maoni si kosa. Ofisi ya vibali ni nyingine kabisa. Na unaweza kuomba jina lako lisichapishwe. Lakini siwezi kukuapia kwamba Lorraine hatakasirika. Kwa hiyo mwambie yeye kwanza, asije akasikia kwa wengine."

"Na nikinyamaza?"

"Karatasi itapita kama ilivyo. Mwisho wa maoni ni Ijumaa."

Jumatano Agathe alimwambia Lorraine, stoo, kati ya mafagio.

"Unataka tufukuzwe sote?" Lorraine aliuliza.

"Siku ya kwanza nilikuuliza nimwage wapi."

"Najua uliniuliza!" Lorraine akatoka, akabamiza mlango. Kesho yake akamtoa Agathe vibandani, akampa vyoo vya mbali kabisa, bila salamu.

Alhamisi jioni Agathe aliketi mezani na simu. Aliwaza kibali. Aliwaza wale wenzake watano na watoto wao. Halafu akawaza lita elfu ishirini nyingine zikienda kwenye chaza za watu, na yeye akiwa anajua. Adolphe alimwangalia akiandika na kufuta, akiandika na kufuta.

"Lete hapa," alisema mwishowe. "Ndoo ya deki kwa Kiingereza naijua. Ndiyo kazi yangu."

Barua ilikuwa na sentensi tano. Ijumaa alfajiri, ndani ya gari la kampuni, Agathe alibonyeza kutuma. Kisha akairudisha simu mfukoni kwa vidole viwili, kama anashika sufuria ya moto.

Wiki tatu zikapita kimya. Agathe akarudishiwa vibanda vyake. Ndoo zote sita alizipitisha langoni, na kazi ikachelewa, na Lorraine akanuna.

Siku moja wakaja watu wawili wa ofisi ya serikali, wamevaa mabuti. Mmoja akapiga magoti kando ya mtaro, akajaza vichupa vidogo, akaandika namba. Hakuuliza nani alimwaga. Aliuliza, "Nani aliagiza maji yamwagwe hapa? Na kwa nini vibanda havina tangi?"

Wasafishaji wote wakamtazama Lorraine. Akatoa simu, akafungua ujumbe alioupelekea kampuni. Aliomba tangi mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa kwamba vibanda vinaondolewa karibuni.

Yule mtu akausoma, akaomba nakala. Kumbe Lorraine naye alikuwa na lake, amelikalia peke yake.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, Lorraine alisema bila kugeuka, "Ungeniambia unaandika, ningekupa hizi uziweke ndani."

"Nilikuambia. Ulibamiza mlango."

"Siku nyingine nifuate nje."

Wenzao wakacheka. Lorraine akajaribu kununa, akashindwa.

Karatasi ya mwisho ilitoka juzi, Ijumaa. Kituo kimepewa miezi yake kumi na mitano. Uzio umepewa muda. Mtaro haukupewa hata siku moja. Kila kibanda kimewekewa tangi, na lori linakuja kila wiki kuyachukua maji machafu na kuyapeleka yanakosafishwa. Tope la mtaro limechotwa. Majibu ya vile vichupa yamebandikwa kantini: sabuni nyingi, mionzi hakuna. Na wasafishaji wote sita bado wako kazini.

Jana, Jumamosi, Agathe alirudi nyumbani saa tisa na nakala mkononi. Noëlla alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Agathe akamsomea mumewe, neno kwa neno, kama Lorraine alivyomfafanulia garini. Ile sentensi ya rasimu imefutwa. Mahali pake wameandika hivi: "Kuchelewa kutaongeza maji machafu ya vibanda vya muda, ambayo rasimu haikuyahesabu." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Kutokana na maoni ya msafishaji."

"Msafishaji?" Adolphe aliuliza. "Agathe hawakuandika?"

"Niliomba wasiandike."

"Sasa mimi nitajisifuje kwa watu?"

"Sema unamjua."

Adolphe akacheka, akaingia chumbani kulala kidogo, maana usiku ana zamu. Maombi ya kibali bado hayajapelekwa, lakini fomu ziko mezani, na Indu anawangoja nazo Jumanne.

Agathe akajinyoosha kwenye kochi. Kiatu kimoja alikivua, cha pili akakisahau mguuni. Akasoma ile sentensi mara nyingine, midomo ikicheza. Alipofika kwenye neno "msafishaji" karatasi ikamwangukia kifuani. Nje bado kulikuwa na jua jingi. Akalala.