Jina la Abedi Ndani ya Mashine

Haya yalimpata Mounira, binti wa jirani yetu pale Kasongo, tena mchana kweupe, watu wakinunua mihogo nje.

Mounira alikuwa akichapa barua katika sekretaria ya Souleymane, kibanda cha kuchapia watu karatasi karibu na soko. Kazi ile aliachiwa na kaka yake Abedi, aliyefariki kwa homa siku sitini kabla ya haya. Siku ya arobaini, kama ilivyo desturi ya kwao, vitu vya marehemu viligawiwa vyote, hata sindano haikubaki. Kitu kimoja tu kilisalia. Souleymane aliomba jina la Abedi, lile alilokuwa akifungulia mashine, liachwe lilivyo, na Mounira afungulie lake yeye Souleymane. Mama mtu akaitika bila kuwaza. Jina ndani ya mashine ni kitu gani hata ligawiwe?

Asubuhi hiyo mashine ilikuwa nzito kupita kiasi. Feni inalia, herufi zinachelewa, na wachuuzi wa dhahabu kutoka Lusangi wamejaa kwenye benchi, wamenuna. Mounira akataka kujua kinachoila. Akaunganisha intaneti ya simu yake, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika sudo apt install htop. Ni programu ndogo ya kuchungulia: inaonyesha kila kazi inayoendelea ndani ya mashine, nani anaifanya, na amekwisha kuifanya kwa saa ngapi. Iliingia kwa dakika moja. Akaifungua.

Mstari wa juu kabisa ulisema: abedi.

Akadhani ni mabaki tu. Kisha akatazama muda. Saa 1,440. Akapiga hesabu kwenye karatasi, akairudia. Siku sitini, usiku na mchana, bila kupumzika. Na mashine ile ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiizima kila jioni na kuchomoa waya wa betri.

Habari za walozi wanaotumikisha wafu alikuwa akizicheka. Akakumbuka mafungu ya karatasi aliyoyakuta yamekwisha kuchapwa kila asubuhi, na Souleymane akisema kayachapa mwenyewe.

Akauchagua mstari ule, akabonyeza F9 kuusimamisha. Ukapotea. Ukarudi. Akabonyeza tena. Ukarudi. Akajaribu kulifuta jina lenyewe. Mashine ikakataa: mwenye jina yuko kazini.

Machozi yakamtoka. Akainamia kioo ili wateja wasisikie.

"Kaka, ni miye Mounira. Acha kazi. Wende upumuzike."

Akatuma amri ya mwisho, kill -9, ile isiyoomba ruhusa. Feni ikanyamaza. Mstari ukaondoka. Akangoja. Haukurudi. Kwa mara ya kwanza tangu maziko, Mounira alihisi kifua chake kimefunguka.

Alipogeuka, Souleymane alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa akisoma kioo. Wala hakukasirika.

"Nani alikuambia umutoe?" akanong'ona.

"Ni ndugu yangu, papa."

"Najua. Lakini ile kazi haiwezi kubakia bila mutu."

Feni ikaanza kulia. Mounira akatazama. Juu kabisa pameandikwa: mounira. Sekunde nne. Tano. Sita. Na yeye hakuwahi kuwa na jina lake kwenye mashine ile.

Alitoka mbio, akaacha viatu.

Siku hizi anaishi Nyangwe kwa shangazi yake, Safia, anauza samaki. Kompyuta hajaigusa tena. Lakini kila akiamka yuko hoi, mabega yanamuuma utadhani hakulala. Juzi simu yake, anayoifungua kwa kidole gumba, ilimkataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Safia akamshika mikono, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Ncha za vidole vyote kumi zilikuwa laini tupu, mistari yake imesuguliwa hadi ikaisha.